Anwani ya Vali

Kwenye bataka ya Mwanakheri, ile kadi ya kazi ambayo mgeni wa Maskati hatoki nje bila ya kuwa nayo, palikuwa pameandikwa kwamba yeye ni katibu muhtasi. Uongo mtupu. Mwanakheri hakuwahi kumwandikia bosi barua tangu azaliwe, na simu ya ofisini ikilia aliiacha ilie mpaka ichoke yenyewe. Alikuwa mhandisi, amesoma Nairobi miaka mitano kwa jasho la mama yake wa Kisauni, na kazi yake pale Maskati, mtaa wa Khuwair ya Kusini, ilikuwa kuandika kiini cha mfumo, yaani ile programu ya chini kabisa inayokaa ndani ya mashine na kuziamuru programu nyingine zote. Lakini kampuni ya Mzee Thani ilipomleta, mwaka 2002, ilikuwa imebakiwa na viza moja tu, nayo ya katibu, na Mzee Thani si mtu wa kutupa kitu. "Ingia na hii kwanza, mwanangu," alimwambia kwenye simu. "Ukeshafika tutabadilisha. Karatasi tu hiyo." Mwaka wa pili ulikuwa unakatika na karatasi iko vile vile.

Mzee Thani alizaliwa Unguja, akaja Omani akiwa kijana, akasoma, akafanya kazi serikalini, akaacha na kufungua kampuni yake. Alikuwa mtu wa udi na maneno laini. Vijana wote wa pwani aliwaita wanangu, nao wakamwita ami, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Bosi unaweza kubishana naye. Ami yako utabishana naye vipi? Ukimwambia umechoka, anakuuliza kama umekula. Ukimdai haki yako, anakuuliza mama hajambo. Mwanakheri, mtoto aliyelelewa akaleleka, alikuwa akiingia kwa ami yake na neno kifuani na kutoka na neno lile lile kifuani, na kibakuli cha halua mkononi juu yake.

Kampuni ilikuwa inatengeneza visanduku vya kuongozea mashine za viwandani. Ndani ya kila kisanduku mna chipu, na chipu hiyo haijui mashine wala mtu, inajua anwani tu. Ukitaka skrini ichore, unaandika namba kwenye anwani ya skrini. Ukitaka vali ya mafuta ifunge na mashine isimame, unaandika namba kwenye anwani ya vali. Kazi ya kiini ni kuchora ramani: hapa ni kumbukumbu ya kawaida, hapa ni skrini, hapa ni vali, na kila pahala papitiwe kwa njia yake. Mwanakheri aliipenda kazi hiyo kama wengine wanavyopenda kushona kofia. Anwani za chipu ile alikuwa nazo kichwani zote, tarakimu nane nane, na angeweza kukutajia huku anakula.

Sasa chipu ina uvivu wake. Ukiituma neno, hailipeleki papo hapo. Inalitia kwanza mfukoni, kwenye kihifadhi kidogo wanachokiita kache, inasubiri mfuko ujae ndipo ipeleke yote kwa mkupuo. Kwa kumbukumbu ya kawaida hapana ubaya, tena kazi inakwenda mbio. Lakini vali inasubiri kule nje, na neno lake limekaliwa. Na kiini kikiuliza, "Vali imefunga?", chipu haijisumbui kwenda kuitazama vali. Inachungulia mfukoni mwake, inaliona lile lile neno ililolikalia, inajibu, "Imefunga." Ndiyo maana mtu yeyote anayechora ramani hizi hufundishwa siku ya kwanza kwamba anwani ya kifaa haipitishwi kwenye kache. Mwanakheri alifundishwa. Naomba hilo lishikwe, maana mbele huko watu watatafuta mahali pa kumwonea huruma.

Ilikuwa Februari 2004, siku mbili kabla ya maonyesho kwa wenye kiwanda kimoja cha Wadi Kabir kilichokuwa kinakunja mabati ya mifereji ya viyoyozi. Mzee Thani alisimama nyuma ya kiti cha Mwanakheri akaitazama skrini ikichora picha ya mashine mstari mmoja mmoja.

"Nini hii, mwanangu? Mbona yajikongoja? Wageni wangu n'wakalishe watazame kobe?"

"Ni kache, ami. Nimeifunga."

"Ifungue."

"Skrini na vali zimekaa kwenye kipande kimoja kikubwa cha ramani. Nikiifungulia skrini, na vali nayo nimeifungulia. Yataka nikikate kipande kile kiwe kurasa ndogo ndogo, skrini na njia yake, vali na njia yake. Nipe wiki moja."

"Mimi nna siku mbili, wewe wataka wiki!" Mzee Thani alicheka, akamwekea mkono begani. "Fungua, tuwaoneshe watu, kisha ukate kurasa zako kwa raha zako. Nani atakufa? Mashine yenyewe ya maonyesho haina hata bati. Mama hajambo?"

"Hajambo, ami."

Akaifungua. Tarakimu moja tu aliibadilisha. Kisha, kwa kuwa roho ilimsuta, aliandika juu ya mstari ule maneno ya kujikumbusha, yale ambayo mashine haiyasomi ila mtu: HATARI. Vali inapitia kache. Tenganisha kurasa baada ya maonyesho. Akatia jina lake na tarehe. Aliyaandika kwa Kiswahili makusudi, maana waandishi wenziwe wawili wa programu walitoka Kerala na Lahore na hakutaka mtu ajue kwamba amefanya kazi ya mkato. Alijiona mjanja. Alisahau kwamba ndani ya ofisi ile palikuwa na mtu mwengine anayejua Kiswahili, tena Kiswahili kilichokipita chake.

Maonyesho yalifana. Skrini ilichora picha na michirizi ya rangi kwa mbio, na mbio hizo hizo ndizo zilizoificha hatari: skrini inapochora sana, mfuko hujaa kila mara, na neno la vali hutolewa humo kabla mtu hajapepesa jicho. Ni pale skrini inapotulia, haina jipya la kuchora, ndipo neno linapoweza kubaki mfukoni likakaa. Kulikuwa na dalili moja tu. Pembeni mwa skrini palikuwa panatokea vidoa, vinakaa kidogo, vinafutika. Mwanakheri alivijua ni nini. Ni rangi ambazo bado zimo mfukoni. Mzee Thani alipoviona alisema ni uzuri wa macho.

Kiwanda kilinunua visanduku saba. Mwanakheri aliomba ile wiki yake mara ya kwanza, akaambiwa inshallah. Akaomba mara ya pili, akaletewa kazi nyengine ya pampu za maji. Mara ya tatu ami alikuwa safarini. Mara ya nne hakuomba. Visanduku vilikuwa vinafanya kazi, watu wanasifu, na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuyaona maneno yale ya HATARI kama mtu anavyoona ufa kwenye ukuta wa nyumba ya kupanga. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wamesema, lakini hawakusema ukuta unamwangukia nani.

Mwezi wa Aprili alikwenda Wadi Kabir kuvifunga visanduku vya mwisho. Pale kiwandani alikutana na Msafiri, mtu wa Kigoma, amepindukia miaka arobaini, mwembamba, ana miaka saba hajaenda kwao. Alikuwa ndiye mwendesha mashine ya nne. Alipomsikia Mwanakheri anasema peke yake kwa Kiswahili mbele ya kisanduku, alikaribia kupiga kelele.

"Dada, we Mswahili? Aisee! Mi humu ndani miezi inapita sijasikia neno." Akamtolea kiti chake, akampa chupa ya maziwa ya laban iliyokuwa chakula chake cha mchana. "We ndo mhandisi wa hivi vidubwasha?"

Mwanakheri alimtazama msimamizi wa kiwanda aliyekuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, akaikumbuka bataka iliyomo mkobani. "Hapana. Mimi katibu tu. Nimetumwa kuleta makaratasi."

"Basi sawa. Hata makatibu wanahitajika," Msafiri alisema, na alikuwa na maana nzuri.

Jumanne moja ya mwezi wa Mei, joto la kuchubua ngozi, adhuhuri ilipoadhiniwa wafanyakazi walikwenda kusali. Msafiri alibaki kumaliza bati moja, akasema atawafuata. Kiwanda kizima kilikuwa kimya na skrini yake imetulia kwenye picha moja. Alifungua mlango wa wavu ili alitoe bati. Mlango ukifunguliwa, kiini huandika kwenye anwani ya vali: funga. Kikaandika. Kikauliza: imefunga? Kikajibiwa na mfuko: imefunga. Taa ya kijani ya usalama, ambayo anwani yake ilikuwa kwenye kipande kingine cha ramani na haikuwa na kache, ikawaka mara ile ile. Msafiri akaiona taa, akatia mkono wa kulia. Taya la juu la mashine, ambalo halikuwa limeambiwa kitu na mtu yeyote, likashuka kama kawaida yake.

Vidole vinne na nusu ya kiganja. Waliporudi kutoka msikitini walimkuta amekaa chini, ameegemea mashine, mlango wa wavu wazi, taa bado kijani.

Mwanakheri ndiye aliyetumwa kwenda kuitoa kumbukumbu ya mashine, ile orodha ya saa na matukio ambayo kisanduku hujiandikia chenyewe. Sakafu ilikuwa imeshamwagiwa maji. Aliisoma palepale kwa kusimama. Saa sita na dakika arobaini na moja, sekunde ya saba: mlango umefunguliwa. Sekunde ya saba: amri ya kufunga vali imetolewa. Sekunde ya saba: vali imefunga. Hakuhitaji kusoma mara ya pili. Aliitoa kwenye karatasi, akarudi nayo moja kwa moja Khuwair.

"Ni kache, ami," alisema alipoingia ofisini kwa Mzee Thani na kuufunga mlango. "Orodha hii yaongopa. Vali haikufunga."

Mzee Thani aliichukua karatasi, akavaa miwani, akaisoma polepole. Hakuwa mjinga yule mzee. Nasema hivyo kwa sababu angekuwa mjinga ingekuwa nafuu. "Mimi naona jambo jengine," alisema mwishowe. "Mlango umefunguliwa sekunde ya saba, na sekunde hiyo hiyo mashine imesimama. Kwa hivyo mkono uliumia kabla ya mlango kufunguliwa. Aliupenyeza pembeni, alipokuwa na haraka ya kwenda kusali. Kisha akaufungua mwenyewe mlango ajitoe."

"Yeye asema aliona taa kwanza."

"Mtu aliyekatika mkono asema mengi. Ijumaa njoo ule kwetu Bawshar. Bi Hamdiya amekuulizia."

Ijumaa akaenda. Sijui kwa nini watu wa namna hii hawafanyi ubaya wao ofisini, wanakungoja mpaka uketi kwenye busati lao. Bi Hamdiya, mkewe Mzee Thani, alipika wali wa nyama ya mbuzi na pilipili ya kukaanga, akamwita Mwanakheri mwanangu naye, akamwonesha picha za wajukuu. Walipokwisha kunawishwa mikono na Bi Hamdiya kuondoka kwenda kuleta kahawa, Mzee Thani alitoa karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa kanzu yake, akaifungua juu ya busati, akainyoosha kwa kiganja. Ulikuwa ukurasa mmoja wa kiini, uliopigwa chapa. Mstari wa katikati ulikuwa umepigiwa mstari kwa wino mwekundu.

"Maneno yako haya?"

Mwanakheri aliyatazama. "Yangu."

"Na jina?"

"Langu."

"Basi wewe ulijua, mwanangu. Miezi mitatu ulijua."

"Na wewe nilikwambia, ami. Mara tatu nimekwambia."

"Uliniambia kwa mdomo. Mimi nna miaka sitini, ya mdomo nasahau. Hii imeandikwa." Aliikunja tena karatasi, bila ya hasira, akairudisha mfukoni. "Nisikilize. Atakuja mkaguzi wa kazi. Ukimwambia habari za kache, atakuuliza, we nani hata ukayajua hayo? Bataka yasema katibu. Katibu atafuta nini ndani ya kiini? Mimi n'tatozwa faini, n'talipa, n'taumia, n'tapona. Wewe utarejeshwa kwenu, na kabla ya uwanja wa ndege pana pahala utapitishwa. Na chini ya jina lako pana neno hatari, kwa mkono wako mwenyewe. Nani atakuajiri tena, Mombasa au Nairobi au popote?"

"Na Msafiri?"

"Msafiri ana Mungu."

"Wakimwandika mzembe hapati fidia, ami. Atarudishwa Kigoma na mkono mmoja na mikono mitupu."

"Mimi nimemwandika mzembe? Mashine imemwandika." Alivuta chano cha wali, akalichagua pande la nyama lililonona, la upande wake, akamwekea Mwanakheri mbele yake, kama anavyofanyiwa mgeni wa heshima. "Kesho natuma karatasi zako za kubadilisha kazi. Mhandisi. Nilikwambia zamani, haraka ya nini? Kula, imeshapoa."

Mwanakheri aliitazama nyama ile. Alifikiri angeinuka. Alimfikiria mama yake, ambaye kila Ijumaa baada ya sala huwaambia majirani kwamba bintiye ni mhandisi Arabuni, na alifikiri vile vile, kwa aibu lakini kwa ukweli, jinsi neno lile litakavyokaa kwenye bataka. Kisha akala. Hilo ndilo mimi haliniishi moyoni. Alinawa tena mikono akala, na nyama akaimaliza.

Mkaguzi alikuja Jumatatu. Aliitwa Loai, kijana mwenye adabu na faili jembamba, na alikuwa hodari kuliko walivyotarajia. Aliisoma orodha ya mashine kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, akapima kwa macho ile picha ya upenyo wa pembeni waliyompa, akauliza swali ambalo Mwanakheri alikuwa akiliota.

"Orodha hii, inaweza kuandika kwamba vali imefunga na huku haikufunga?"

"Swali zuri," Mzee Thani alisema. "Haiwezi. Kisanduku kinaandika baada ya kuiuliza vali yenyewe."

Loai akaandika. Kisha akageuka, labda kwa adabu tu, labda kwa kuwa aliuona uso wa mwanamke aliyekaa pembeni. "Na wewe, dada? Unafahamu chochote kuhusu vifaa hivi?"

Ilikuwa rahisi sana. Sentensi moja ilitosha: haiulizi vali, inauliza mfuko wake. Mkaguzi alikuwa na kalamu mkononi, tena hana haraka, na Kiarabu cha Mwanakheri kilitosha kabisa kwa sentensi moja. Mzee Thani hakumtazama hata kidogo. Alikuwa anazungusha kikombe chake cha kahawa. Kwenye meza ya mbele simu ikalia.

"Mimi napiga chapa," Mwanakheri alisema, "na kupokea simu." Akainuka akaenda kuipokea, kwa mara ya kwanza tangu alipoajiriwa. Alikuwa mtu amekosea namba.

Wiki ile ile Mzee Thani alimwambia akavifanyie visanduku vyote saba matengenezo ya kawaida. Ndivyo yalivyoandikwa kwenye daftari la kiwanda, matengenezo ya kawaida. Mwanakheri alikikata kile kipande kikubwa cha ramani, akaitengea vali ukurasa wake mdogo usiopitia mfuko wowote, akaiacha skrini na mbio zake. Wiki aliyonyimwa, kumbe zilitosha siku nne. Aliijaribu mashine ya nne kwa kipande cha ubao, mara hamsini, skrini imetulia kimya, na mara hamsini taya lilisimama kabla ubao haujaguswa. Vidoa vya pembeni navyo havikuonekana tena. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Mwisho kabisa alifuta yale maneno ya HATARI, na jina lake, na tarehe. Kwenye kiti cha Msafiri alikuwa ameshakaa mtu mwengine, Mbangladeshi, aliyemwamkia kwa kichwa na kurudi kwenye bati lake.

Ripoti ilitoka mwanzoni mwa Juni. Uzembe wa mfanyakazi. Ilibaki Msafiri mwenyewe asomewe kwa lugha anayoifahamu na atie alama kwamba amefahamu, ndipo tiketi yake ikatwe. Mzee Thani alimwita Mwanakheri akampa bahasha.

"Nenda wewe. Mswahili kwa Mswahili, ataelewa. Na humo ndani mna kitu chako pia, mabruki, hongera."

Ndani ya bahasha, pamoja na ripoti, mlikuwa na bataka mpya. Picha ile ile, jina lile lile, na mbele ya neno kazi: mhandisi. Aliisoma ndani ya teksi mara tatu au nne. Alitaka isimfurahishe, lakini ilimfurahisha, na hilo nalo akalichukia.

Msafiri alikuwa wodini amekaa kitandani, mkono wake umefungwa mpaka kwenye kiwiko na kulazwa juu ya mto. Alikuwa amekonda zaidi. Alipomwona, uso wote ulimfunguka.

"Dada katibu! Karibu, karibu. Kaa hapo. Wenzio wote wanakuja wananisemesha Kihindi na Kiarabu, mi naitikia tu."

Mwanakheri aliketi. Alimsomea ripoti yote kwa Kiswahili, bila kuruka neno, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo. Alipofika kwenye upenyo wa pembeni Msafiri alimkatiza.

"Hapana, hapana. Dada, mi nakumbuka vizuri. Nilifungua mlango wa wavu. Taa ikawaka kijani. Ndo nikatia mkono. Pembeni pale napitaje?"

"Wamepima. Mkono mwembamba unapita."

Msafiri aliutazama mkono wake wa kushoto, akaugeuza, akauangalia unene wake. "Unapita?"

"Unapita."

"Na taa?"

"Taa iliwaka baadaye. Ulipofungua mlango ujitoe."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anakohoa. "Unajua, dada," Msafiri alisema, "hizi dawa zao zinanichanganya. Kuna siku naamka nahisi vidole vyote vipo, vinawasha. Sasa kama navihisi vidole ambavyo havipo, labda na taa niliiona ambayo haikuwaka." Alisogea mbele kidogo. "Hawa wengine wote siwaamini. Wanalinda kampuni yao. Lakini we ni mtu wa kwetu, tena umesoma. We ukiniambia, nitaamini. Mashine inaweza ikaandika kitu ambacho hakikutokea?"

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Waswahili wote tunaijua methali hiyo, na Mwanakheri aliijua.

"Haiwezi," alisema.

Msafiri alitikisa kichwa polepole, kwa kukubali. Hakulia. Aliuliza tu kama tiketi ni ya Dar es Salaam, na kutoka Dar atafikaje Kigoma, na Mwanakheri akasema hajui, ataulizia. Kutia saini hakuweza, mkono wa kushoto haukujua kuandika, kwa hiyo Mwanakheri alikifungua kidau cha wino alichopewa, akalishika dole gumba lake, akalichovya, akaligandamiza mahali pake kwenye karatasi, kisha akalifuta kwa kitambaa chake mwenyewe.

"Dada, nina jambo," Msafiri alisema, akaona haya. "Tangu siku ile nimekuwa namlaani huyo mhandisi aliyeunda kile kisanduku. Asubuhi nikiamka, namlaani. Nikishindwa kufunga kifungo cha shati, namlaani. Nimemwomba Mungu amkate na yeye mikono yote miwili, ajue inavyokuwa. Kumbe mtu wa watu namsingizia, kosa ni langu mwenyewe. We unafanya naye kazi. Tafadhali mwambie anisamehe."

Mwanakheri aliikunja ripoti mara mbili, akaitia ndani ya bahasha.

"Ameshakusamehe, kaka," alisema.